"Nikuandikie Ngapi?": Uongo wa Mazoea na Toba Yenye Gharama



Mtumishi anayesafiri kikazi mikoani anamjua mhudumu wa nyumba ya wageni anayefungua kitabu cha risiti asubuhi na kuuliza, "Bosi, nikuandikie ngapi?" Hakuna anayeshtuka. Chumba kimelipiwa elfu ishirini, risiti itasema arobaini, na marejesho ya masurufu yatapita bila swali. Safari ya kwanza mtu hutokwa jasho. Baada ya miaka michache hujibu huku akifunga kamba za viatu.

Augustino, askofu wa Hippo katika Algeria ya leo, aliandika vitabu viwili juu ya uongo, na hakuruhusu hata ule wa kuokoa roho ya mtu. Kwa hilo mimi simfuati. Ila katika Maungamo alieleza vizuri jinsi mazoea yanavyomfunga hata mtu anayetaka kuacha. Sasa, mfungwa huyo tunamwambia nini kanisani? Tubu moyoni, Mungu amesikia, nenda kwa amani. Jumatatu anakutana na kitabu kilekile cha risiti.

Zakayo, yule mtoza ushuru wa Injili ya Luka, hakuishia moyoni. Torati, katika Hesabu 5, ilimtaka anayeungama arudishe mali na kuongeza sehemu ya tano. Zakayo aliahidi kurudisha mara nne, kiwango ambacho Kutoka 22 inamtoza mwizi wa kondoo aliyekwisha kumchinja au kumuuza. Mtoza ushuru mkuu alijihukumu kwa sheria ya wezi, tena mwenyewe! Na tuangalie mpangilio wa Luka: Yesu alijialika nyumbani kwake kabla senti moja haijarudi. Kwa hiyo malipo yale hayakununua msamaha. Yalikuja kwa sababu mtu alikwisha kupokewa, hakuwa tena na sura ya kulinda.

Walokole waliielewa hesabu hii. Uamsho wao, ulioenea kutoka Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930, ukafika Uganda, Bukoba na Kenya, ulijulikana kwa watu kurudisha vitu: zana za mwajiri, fedha, mali za jirani. Kurudisha kulikwenda pamoja na kutembea nuruni, yaani kuwa na ndugu wachache wenye ruhusa ya kukuuliza. Naona nguvu ilikuwa hapo. Uongo wa mazoea hupenda faragha, na mtu anayejua ataulizwa Alhamisi kwenye ushirika huanza kuogopa kalamu ya Jumatano.

Hata hivyo, ushuhuda nao uliweza kuharibika. Dhambi ikisimuliwa kila wiki hunenepa, na wapo walioungama mpaka dhambi za wenzao. Ndiyo maana napendelea watu wawili watatu wasiopiga makofi.

Na risiti za zamani je? Hesabu 5 inasema aliyedhulumiwa akifa bila jamaa wa kupokea, malipo huenda kwa Bwana, kupitia kuhani. Deni halifi. Kwetu aliyedhulumiwa ni ofisi, nayo ipo. Peleka fedha kwa mhasibu, omba stakabadhi. Atashangaa, pengine ataudhika, maana atatafuta kifungu cha kuziingizia, na wenzako wa safari ile wataanza kukupigia simu.