Kuchemsha Hakuondoi Dawa



Mwezi Aprili 2024 Mto Rufiji ulifurika na kuingia vijijini, Rufiji na Kibiti. Maji yale hayakubagua. Yalipita shambani, yakapita chooni, yakapita kisimani.

Katika hali kama hiyo tumezoea kuhimizana tuchemshe maji. Ni ushauri mzuri, kwani moto huua vijidudu. Lakini mabaki mengi ya dawa za hospitali hayaondoki kwa kuchemshwa.

Tunapomeza vidonge, sehemu ya dawa hutoka mwilini ingali na nguvu. Vidonge vinavyobaki, baadhi yetu huvitumbukiza chooni. Kinachofika majini ni kidogo, hakionekani wala hakinuki. Hofu kubwa ya wataalamu ni dawa za kuua bakteria: bakteria wakizionja kidogo kidogo huweza kujenga usugu. Siku mtoto akiugua kweli, dawa inagoma.

Ipo njia ya kunasa mabaki hayo, nayo ni mkaa. Si huu wa jikoni. Vifuu vya nazi, ambavyo Kibiti vimejaa uani, huchomwa vikawa mkaa, kisha hupitishiwa mvuke katika joto la nyuzi 800 hivi au zaidi, hadi mkaa ujae vijitundu. Ukizikunjua kuta za vijitundu vya gramu 1 tu, zingetandaa zaidi ya mita za mraba 500. Dawa nyingi hunata humo. Uswisi, kwa sheria iliyoanza kutumika mwaka 2016, mitambo kadhaa ya majitaka ilitakiwa kuongeza hatua ya kuondoa mabaki ya namna hii, na mkaa huo ni moja ya njia zinazotumika.

Hata hivyo, tusidanganyane. Mkaa huo hauondoi chumvi ya bahari inayowasumbua wenzetu wa delta. Hautoshi kuua vijidudu, hivyo kuchemsha kuko palepale. Tena vijitundu vikijaa, lazima ubadilishwe, na hiyo ni gharama.

Basi tuanze na lisilo na gharama. Tusinunue dawa za bakteria bila cheti cha daktari. Tusitupe vidonge chooni wala mtoni. Nao wakubwa wanaohusika waweke utaratibu wa kila zahanati kupokea dawa zilizobaki. Kidonge kisichofika mtoni hakihitaji mkaa wa kukinasa.