Jimbo la Wachimba Dhahabu wa Otago

Desturi ya uchaguzi ni kwamba mpiga kura huandikwa jina lake daftarini kabla ya siku ya kura. Lakini huko New Zealand palikuwa na jimbo ambalo halikuwa na daftari hata moja.

Mwezi wa Mei 1861 Gabriel Read alivumbua dhahabu katika bonde la Otago, upande wa kusini wa nchi ile. Punde si punde maelfu ya watu wakamiminika, wengi wakivuka bahari kutoka Victoria, katika Australia. Walikaa mahemani, leo bonde hili, kesho lile. Sheria ya 1852 ilimpa kura mwanamume wa miaka 21 aliyekuwa na ardhi yake, au aliyepanga ardhi au nyumba ya kodi iliyotajwa. Mchimbaji hakuwa nayo. Alikuwa na sururu, karai, na cheti cha kuchimba alichokinunua serikalini. Na dhahabu yake ilitozwa ushuru.

Wakubwa walikumbuka yaliyotokea Victoria. Mwaka 1854, mahali paitwapo Eureka, wachimbaji waliochukizwa na ada ya leseni walijenga boma wakapigana na askari, na zaidi ya watu ishirini wakafa. Ndipo Victoria ilipoweka cheti cha pauni moja kwa mwaka, chenye haki ya kura.

Basi 1862 Bunge la New Zealand likaunda jimbo la Gold Fields, la wajumbe wawili. Jimbo hili lilitandikwa juu ya majimbo mengine, kama mkeka juu ya mkeka. Mchimbaji aliyekaa na cheti kwa muda uliotakiwa alikionyesha tu kwa msimamizi, akapiga kura yake. Haikuwa ya siri. Kura ya siri ililetwa 1870.

Uchaguzi wa kwanza ulifanywa 1863. Mwaka 1866 akachaguliwa Julius Vogel, mwenye gazeti, ambaye 1873 alikuwa Waziri Mkuu.

Lakini dhahabu haina mwenyeji. Wachimbaji wengi walihamia pwani ya magharibi kuanzia 1864, na 1870 jimbo likafutwa. Wanaume Wamaori walikuwa wamekwisha pewa viti vyao na kura tangu 1867. Watumishi wa Kizungu wasio na shamba wala cheti, hata waliochunga kondoo katika milima ile ile, walingoja mpaka 1879.