Nafasi za Banach na Maswali Yaliyosalia: Mada kwa Semina ya Walimu wa Hisabati, Tunduma

Nadharia ya nafasi za Banach ni fani ya hisabati ambayo aghalabu hudhaniwa kuwa ni milki ya watu wa mbali, ilhali maswali yake makubwa yaweza kuelezwa kwa mtu yeyote aliyewahi kusimama mbele ya ubao akafundisha vipeuo. Madhumuni yangu ni kuonyesha kwamba sifa ya ukamilifu, ambayo vitabuni hupewa mstari mmoja wa fasili kisha ikaachwa, ndiyo chemchemi ya nguvu za nafasi hizi, na ndiyo pia iliyoyafanya baadhi ya maswali yake kuwashinda mabingwa kwa muda unaokaribia miaka mia.

Tuanze na hesabu. Chukua namba 1. Gawanya 2 kwa namba hiyo, jumlisha jibu na namba yenyewe, kisha chukua nusu ya jumla: utapata 3/2. Ifanyie 3/2 vivyo hivyo, utapata 17/12; rudia tena, utapata 577/408. Mraba wa 17/12 wazidi 2 kwa 1/144, na mraba wa 577/408 wazidi 2 kwa 1/166464 tu. Namba hizi zakaribiana zenyewe kwa zenyewe kwa kasi ya ajabu, na zote ni sehemu halali; walakini kile zinachokiendea hakimo miongoni mwa sehemu, kwa kuwa hakuna sehemu ambayo mraba wake ni 2. Ulimwengu wa sehemu, basi, una matundu, na ulimwengu wa namba halisi hauna. Na huko kutokuwa na matundu ndiko tunakokuita ukamilifu.

Sasa badala ya namba tuweke fanksheni, na umbali kati ya fanksheni mbili uwe ni ule upeo wa kutofautiana kwao kutoka 0 hadi 1. Polinomia 1 + x, kisha 1 + x + x²/2, kisha ile inayoongeza x³/6, na kuendelea, nazo zakaribiana. Lakini mwisho wa safari yao ni fanksheni ambayo si polinomia. Nafasi ya polinomia ina matundu. Nafasi ya fanksheni zote endelevu haina. Nafasi ya vekta yenye nomu, yaani kipimo cha ukubwa wa kila vekta, ikiwa haina matundu ya namna hii, huitwa nafasi ya Banach, kwa jina la Stefan Banach, aliyezaliwa Kraków mwaka 1892 na kuieleza fikra hii katika tasnifu yake ya mwaka 1920, iliyochapishwa 1922. Humo ndimo ilimo kanuni yake mashuhuri ya nukta isiyohama: kila tendo lenye kusogeza vitu karibu karibu kwa kiwango maalumu, ndani ya nafasi kamili, lina nukta moja, wala si zaidi, ambayo tendo hilo haliisogezi. Hesabu tuliyoifanya hivi punde, ikifanywa kati ya 1 na 2, ni mfano wa kanuni hiyo. Katika namba halisi nukta hiyo ipo, na katika sehemu peke yake haipo kabisa.

Banach na wenzake walikuwa wakikutana katika mkahawa mmoja mjini Lwów, ambao siku hizi ni Lviv nchini Ukraine, wakiandika juu ya meza za marumaru, hata mwaka 1935 wakaweka daftari la maswali yao. Mwaka 1936 Stanisław Mazur aliandika humo swali la 153 na kuahidi bata bukini aliye hai kwa atakayelijibu; likakaa miaka 36, hadi Per Enflo wa Uswidi alipolijibu mwaka 1972, akaonyesha pia kwamba zipo nafasi za Banach ambazo, ijapokuwa nukta zinazohesabika zatosha kuzikaribia pote, hazina msingi wa kuzijengea vekta zake zote hatua kwa hatua. Enflo akapewa bata wake mjini Warsaw. Naiheshimu sana desturi ile ya kuliandika swali pamoja na tarehe na jina la mwulizaji, kwani swali lililoandikwa hupata warithi.

Swali ambalo ningependa mlichukue nyumbani latokana na zama za Banach na Mazur wenyewe. Tuseme tuna nafasi ya Banach yenye vipimo visivyo na mwisho. Je, daima zaweza kupatikana ndani yake nafasi ndogo zilizofungwa, ya pili kubwa kuliko ya kwanza na kuibeba, ya tatu kubwa kuliko ya pili, na kuendelea bila kikomo, hata muungano wao ukawa karibu na kila nukta ya nafasi kubwa? Angalieni kwamba hatuulizi kama muungano huo waweza kuijaza nafasi yote, kwa sababu hilo lilikwisha kukatazwa: René Baire, mwaka 1899, alitoa hoja ambayo kwayo nafasi kamili haiwezi kamwe kujengwa kwa kuunganisha nafasi ndogo zilizofungwa za namna hiyo, hata zikiwa nyingi kama namba asilia. Ukamilifu umetunyima kufika, nasi twauliza kama umetuachia kukaribia. Kwa nafasi za fanksheni endelevu jibu ni ndiyo. Na mwaka 2008 Argyros, Dodos na Kanellopoulos walithibitisha kwamba ni ndiyo pia kwa kila nafasi ambayo ni pacha wa nafasi nyingine ya Banach, yaani iliyokusanya fanksheni zote za mstari zilizo endelevu juu ya hiyo nyingine. Kwa nafasi zote kwa jumla, burhani haijapatikana, wala mfano wa kuipinga.

Huenda mtu akadhani kwamba jibu la ndiyo ni dhahiri. Nami ningemwonya kwa yale yaliyotokea baada ya zama za Banach na Mazur. Mwaka 1993 Timothy Gowers na Bernard Maurey walijenga nafasi ambayo haigawanyiki hata kidogo katika sehemu mbili zenye vipimo visivyo na mwisho kila moja, na kila nafasi ndogo ya namna hiyo iliyomo nayo haigawanyiki; kazi ya namna hiyo ilimpatia Gowers nishani ya Fields mwaka 1998. Kisha mwaka 2011 Argyros na Haydon wakachapisha nafasi ambayo kila opereta, yaani tendo la mstari lililo endelevu, juu yake ni kuzidisha kwa namba moja tu, pamoja na nyongeza ndogo iliyo finyu. Ukamilifu hauahidi uzuri wa umbo.

Kwetu Afrika Mashariki njia imekwisha kufunguliwa. Chuo Kikuu cha Nairobi kina watafiti wa nadharia ya opereta, na mwaka 2002 mpango wa hisabati wa vyuo vikuu vya Afrika Mashariki, ambamo Dar es Salaam, Nairobi na Makerere wamo, ulianza kusaidiwa kutoka Uppsala, Uswidi, kulea wanafunzi wa shahada za juu. Mkoa wetu wa Songwe, uliozaliwa mwaka 2016, una vijana wanaosoma hisabati ya kidato cha sita kwa bidii, na Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya kiko kwa jirani. Nawasihi, walimu wenzangu, tufungue daftari letu hapa Tunduma, ukurasa wa kwanza tuandike swali hili pamoja na tarehe ya leo, na kabla ya mkutano ujao kila mmoja wetu awe ameiandika burhani ya Baire kwa mkono wake, kwa Kiswahili, tayari kusomwa mbele ya wenzake.