Hawakupata, hawajapata

Maneno niliyowaambia wanachama wenye kuandikia wengine barua na maombi, hapa Kindu

Asante zaidi kwa wale waliovuka mto kutoka Alunguli asubuhi hii.

Nimeombwa niseme juu ya sarufi na namna ya kujisahihisha. Nitaanza na kosa langu mwenyewe.

Nilipokuwa mpya katika kazi hii, niliandika barua kwa ajili ya wajane 11 waliorudi kutoka ukimbizini. Walikuwa wameahidiwa mabati. Tuliiandika kwa Kiswahili ili bamama waisikie kabla ya kutia kidole. Kwa midomo yetu tungesema "habayapata", maana yake bado wanangoja. Lakini mimi, mtu wa iniversite, niliogopa neno hilo litaonekana la mtaani. Nikaweka "hawakupata". Nikaona limependeza.

Ofisini barua iligeuzwa kuwa Kifaransa, jinsi ilivyoandikwa. Aliyeisoma alielewa kwamba ugawaji umekwisha na hao 11 hawakuhusika. Mabati yakaenda kwingine. Bamama wakapitisha mvua nzima chini ya plastiki. Mmoja wao aliniuliza tu, "Mwanangu, uliandika nini?"

"Hawakupata" inafunga mlango. "Hawajapata" inauacha wazi. Ile -ya- yetu ya "habayapata", katika maandishi ni -ja-. Ndiyo hiyo tu. Wenzetu walioishi Nyarugusu, kule Kigoma, wanayo mdomoni tayari, maana kambi ile iko tangu 1996 na Kiswahili cha Tanzania kimewazunguka. Kaeni nao. Na mtu asituone haya kwa Kiswahili chetu: sanifu ilijengwa juu ya Kiunguja cha Zanzibar, na kamati ya makoloni ya Waingereza iliyoanza 1930. Kongo haikuwamo. Tunajifunza sanifu kwa sababu barua inasafiri kwenda kwa watu wasiotujua.

Sasa, kujisahihisha. Usisome mara moja ukitafuta kila kitu. Macho yanasoma ulichotaka kusema, hayasomi ulichoandika. Mimi barua ikiisha naiacha ilale. Asubuhi napita na kidole kwenye vitenzi peke yake. Kila kitenzi nakiuliza: nani, na lini? "Familia zipewe" ni ombi. "Familia zilipewa" ni habari iliyokwisha. Mfadhili akisoma la pili, kwa nini atoe tena? Kisha napita mara nyingine kwa hesabu na majina tu. Kama juu umeandika wajane 11 na orodha ina majina 12, hakuna sarufi itakayokuokoa.

Halafu msomee mwenye barua, kwa sauti, polepole. Hata asiyejua kusoma atakusimamisha: "Hapo sikusema vile." Huyo ndiye msahihishaji wako wa kwanza, na hadai franka.

Munaoandika kwa simu, angalieni. Simu iliyowekwa kwa Kifaransa inaweza kugeuza "sana" kuwa "sans" bila kukuomba ruhusa.

Mutaniuliza: na "mutu", na "vitabu yetu"? Sahihisheni, andikeni "mtu", "vitabu vyetu", hasa kama mumelipwa. Lakini hayo hayajamnyima mtu mabati. Kama muda ni mfupi na betri inaisha, anzeni na vitenzi na hesabu. Na musimpambe mama kwa maneno makubwa mpaka barua isifanane naye tena. Mimi nilianguka kwa kutaka kupendeza.

Kuna anayeogopa kwamba kusoma mara tatu kunakula muda, na mteja analipa kidogo. Kweli. Ongeza bei kidogo, umwambie kwa nini. Barua ya wale wajane niliiandika upya, na kupata jibu kulichukua miezi.

Sasa mwenye barua mkononi asogee hapa mbele. Tutaanza na vitenzi.