Mahindi ya Ukungu, Mbuzi Asiyeshika Mimba na Maziwa ya Mtoto

Leo tunazungumza juu ya mbuzi. Huenda ukauliza, mbuzi na afya ya mtoto wangu ni wapi na wapi? Tega sikio.

Huku kwetu Malindi, Magarini, Ganze na Kaloleni, mara nyingi mahindi hunyeshewa kabla hayajakauka. Gunzi likiota ukungu wa kijani, kijivu au waridi, wengi husema: "Hili halifai kwa ugali, mpe mbuzi." Shida huanzia hapo.

Ukungu huacha sumu ndani ya punje. Sumu moja huitwa zearalenoni. Hiyo hufanana na homoni ya kike, ile inayouambia mwili lini upate joto na lini uwe tayari kwa mimba. Mbuzi akiila kwa muda mrefu, mwili wake hudanganyika. Sehemu yake ya uzazi huweza kuvimba, na hata akipandwa na beberu hashiki mimba. Kwa kawaida mbuzi asiye na mimba hurudi joto baada ya siku 21 hivi. Ukiona wako anapandwa na kurudia tena na tena, usiseme amerogwa. Kagua chakula chake kwanza.

Sumu ya pili ni aflatoksini. Hii huharibu ini la mbuzi, humkondesha, na huingia katika maziwa. Mama, kuchemsha maziwa huua vijidudu, lakini hakuondoi sumu hii. Mwaka 2004, huko Makueni, Kitui na wilaya jirani, watu 317 waliugua kwa kula mahindi yenye aflatoksini, na 125 wakafa. Kwenye maziwa sumu huwa kidogo, lakini mtoto anayekunywa kila siku huipata kila siku.

Basi tufanye nini?

Kwanza, anika mahindi juu ya turubai au mkeka, si juu ya ardhi. Kujua kama yamekauka, tia mahindi kidogo na chumvi kavu katika chupa kavu, funga, tikisa, kisha ngoja kidogo. Chumvi ikinata kwenye chupa, rudisha mahindi juani.

Pili, weka magunia juu ya mbao, mbali na ukuta, mahali pasipovuja.

Tatu, mahindi, pumba au machicha ya nazi yenye ukungu, usimpe mbuzi wala kuku. Chimba shimo uyafukie.

Nne, ikiwa mbuzi unayemkama amekula chakula hicho, kiache mara moja, na usimpe mtoto maziwa yake kwa wiki moja.

Tano, mbuzi akitupa mimba, usishike kitoto wala kondo la nyuma kwa mikono mitupu. Yapo maradhi yanayotupisha mimba ambayo humwambukiza binadamu pia. Mwite afisa wa mifugo.

Mama, kumbuka: kisichofaa sufuriani mwako hakifai kwa mbuzi wako, kwani kitarudi nyumbani ndani ya kikombe cha mtoto. Mwambie na jirani. Hadi wakati mwingine, kwaheri.