Dakika 50: Mishipa Midogo ya Moyo na Mgonjwa wa Manda



Mwanataaluma mwenzangu aliposikia mada hii aliniambia kwamba mishipa midogo ya moyo ni somo la matajiri. Huku Njombe, akasema, tuhangaike kwanza na kuzibua mshipa mkubwa. Habari ya kapilari, hiyo mishipa midogo, itasubiri. Neno lile limenikosesha usingizi, na leo sitaliacha mpaka nilimalize.

Kwamba shambulio la moyo hutokea bonge la damu linapoziba mshipa unaolisha moyo, hilo mnalijua. Swali langu ni hili: mshipa ukizibuliwa, damu inafika? Mwaka 1974 Robert Kloner, Charles Ganote na Robert Jennings walichapisha kule Marekani kazi ambayo nimeirudia kuliko nyingine yoyote. Walifunga mshipa wa moyo wa mbwa kwa dakika 40, wakaufungua, wakaingiza rangi inayong'aa. Rangi ikaenea kwenye msuli. Mbwa wengine wakawafungia dakika 90. Mshipa mkubwa ukafunguliwa vilevile, lakini ndani ya msuli yakabaki mabaka ambayo rangi haikuyafikia. Kwenye hadubini ya elektroni kuta za kapilari zilikuwa zimevimba, zimetoa malengelenge, njia imezibwa. Tofauti ni dakika 50 tu!

Aliyelima vinyungu, zile bustani za mabondeni, ananielewa. Mifereji midogo ikishajaa tope, hata ufungue banio lote, mboga za mwisho zitakauka.

Sasa mchukueni mgonjwa wa Manda, ukingoni mwa Ziwa Nyasa. Apande milima ya Livingstone, apite Ludewa, Njombe, Makambako, kisha zaidi ya kilomita 600 hadi Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam. Basi ni kapilari za nani zilizo hatarini zaidi, zake au za mtu wa London anayezibuliwa mapema? Umbali ndio unaozifanya ziwe somo letu.

Wala si umbali peke yake unaotuchelewesha. Mjomba wangu alijishika juu ya kitovu akasema chembe inamuuma. Zahanati ikampa dawa ya vidonda vya tumbo. Usiku ule, katika baridi ya Julai, alitokwa jasho mpaka mkewe akalikamua shuka. Kipimo cha umeme wa moyo alikipata siku ya tatu. Alipona, lakini kilima cha shamba lake la viazi hakukipanda tena bila kukaa chini njiani.

Njia za kuokoa msuli na kapilari zake baada ya mshipa kuzibuliwa zimetafutwa. Dawa ya siklosporini ilishindwa mwaka 2015. Mwaka 2019, kubana mkono kwa mkanda wa presha, dakika 5 mara 4, hakukupunguza vifo katika wagonjwa zaidi ya 5,000 wa Ulaya. Nakubali matokeo hayo. Hata hivyo wale walizibuliwa mapema, na mimi bado naamini dawa ya kwanza ya kapilari ni saa. Utafiti wa ISIS-2, mwaka 1988, ulihusisha wagonjwa 17,187: aspirini peke yake ilipunguza vifo vya wiki tano kwa karibu robo, ikiongezwa streptokinesi, dawa ya kuyeyusha bonge la damu, kwa asilimia 42. Lakini dawa hizo hazitatolewa mapema kama ugonjwa haujatambuliwa. Kwa hiyo nadai kipimo cha umeme wa moyo katika kila zahanati, kuanzia Manda hadi Makambako, na kila chembe inayouma kwa mtu mzima ipimwe kabla hajaandikiwa dawa ya tumbo.

Aspirini mjomba alikuwa nayo. Ilikuwa kwenye kopo la majani ya chai, hatua tatu kutoka kitandani.