Ukumbi wa Shule ni wa Wote

(Hotuba iliyotolewa kwenye mkutano mkuu wa mwaka wa chama chetu na mwanachama aliyesoma hapa kuanzia mwaka 1968 hadi 1971.)



Nimepewa dakika kumi na tano nizungumze juu ya hoja namba nne kabla hatujapiga kura. Wenzetu kadhaa wameahidi fedha za kuezeka upya ukumbi wa shule. Tunawashukuru, maana kila mtu hapa ameona mvua inavyoingia. Lakini wameomba kwamba kazi ikiisha, msalaba wa chuma usimamishwe juu ya paa, upande wa mbele, mahali ulipokuwa ule wa mbao enzi za misheni. Mwanachama mwingine amewajibu kwa barua. Yeye anataka hata jiwe la msingi lenye jina la misheni ling'olewe. Mimi nasimama kupinga yote mawili, na ninaomba mnisikilize mpaka mwisho.

Niseme mapema kwamba mimi ni Mkristo, mtoto wa katekista. Sisimami hapa kuupinga msalaba. Nyumbani kwangu upo ukutani, na siku nikifa utawekwa juu ya kaburi langu. Swali letu leo linahusu paa la shule ya Serikali.

Vijana mmeikuta shule hii ikiwa ya Serikali, na pengine mnadhani ilizaliwa hivyo. Sivyo. Sisi tulioingia kidato cha kwanza mwaka 1968 tuliingia shule ya misheni. Kengele ya kwanza ilikuwa ya sala. Wachache waliokuwa Waislamu walikwenda nao, wakakaa benchi la nyuma. Hakuna aliyewapiga wala kuwatukana. Walikaa kimya tu, kama wageni wanaosubiri wenyeji wamalize kula. Mwenzangu mmoja wa bweni aliniambia kwamba baba yake alisita mwaka mzima kabla ya kumruhusu kuja, akiogopa kwamba mtoto atarudi na jina jingine. Hofu hiyo ilikuwa ya wazazi wengi wa Kiislamu nchini, na iliwanyima watoto wengi elimu, kwa sababu sehemu kubwa ya shule za sekondari ilikuwa mikononi mwa misheni.

Ndipo ikaja Sheria ya Elimu ya mwaka 1969. Kuanzia mwaka 1970 shule za misheni zilizokuwa zikipata ruzuku zikawa za Serikali. St. Francis ikawa Pugu. St. Mary's ya Tabora ikawa Milambo. Yalibadilika mengi zaidi ya majina. Kuanzia hapo mtoto wa Kitanzania aliingia shule hizo kwa kufaulu mtihani, bila kuulizwa anasali wapi. Mwaka wangu wa mwisho hapa, benchi la nyuma halikuwa tena la watu wa dini moja. Nililiona jambo hilo kwa macho yangu, na ndilo ninalolitetea leo.

Wapo watakaosema: je, basi tunataka shule isiyomjua Mungu? Hapana. Tanzania haijawahi kuwa nchi ya namna hiyo. Wimbo wetu wa Taifa ni maombi kwa Mungu. Bunge huanza kwa dua. Tunapumzika Krismasi na Pasaka, tunapumzika Idi na Maulidi. Katika mtihani wa kidato cha nne lipo somo la Maarifa ya Biblia na lipo somo la Elimu ya Dini ya Kiislamu. Hapa shuleni wapo vijana wa UKWATA, wa TYCS na wa TAMSYA, na wote wanakutana kwa amani. Katiba yetu, katika ibara ya 3, inasema kwamba Jamhuri haina dini. Ibara ya 19 inampa kila mtu uhuru wa kuabudu na kutangaza imani yake, na inaziweka shughuli za jumuiya za dini nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Ibara hizo mbili zinakwenda pamoja. Serikali haina dini ili raia wawe huru kuwa nazo.

Ndugu zangu, hoja yenye nguvu zaidi ya wenzetu ni kwamba fedha ni zao wenyewe, hazitoki Serikalini. Hoja hiyo imepata kusikilizwa mahakamani. Jimbo la Kentucky, huko Marekani, liliagiza Amri Kumi zibandikwe katika kila darasa la shule za umma, na mabango yalinunuliwa kwa michango ya watu binafsi. Mwaka 1980 Mahakama Kuu kabisa ya nchi hiyo ilikataa, kwa kura 5 dhidi ya 4, na ikasema kwamba fedha za watu binafsi hazibadilishi kitu, kwa kuwa aliyeyatundika ni Serikali. Nakiri kwamba mjadala haukwisha. Mwaka 2024 jimbo la Louisiana lilitunga sheria ya namna hiyo hiyo, na kesi zikaanza upya. Nako Ulaya, mwaka 2011, Mahakama ya Haki za Binadamu iliiruhusu Italia kuacha misalaba madarasani. Kwa hiyo siwaambii kwamba dunia nzima imekubaliana. Nawaambia kwamba swali la nani amelipa ni dogo kuliko swali la nani anaonekana kusema. Msalaba ukiwa juu ya ukumbi wa Serikali, mzazi anayeingia getini hatauliza risiti.

Hata hivyo nawaonya dhidi ya upande wa pili. Ufaransa, kwa sheria ya mwaka 2004, iliwakataza wanafunzi wenyewe kuvaa alama za dini zinazoonekana wazi katika shule za umma. Mimi siutaki mfano huo uje hapa. Majirani zetu wa Kenya walivutana kwa miaka juu ya hijabu katika shule moja ya Isiolo. Mahakama ya Rufani iliwaruhusu wasichana mwaka 2016. Mwaka 2019 Mahakama ya Juu ikaitengua hukumu hiyo kwa sababu za utaratibu wa kesi. Miaka yote hiyo, waliokuwa wakiumia ni watoto wa shule.

Kipimo changu ni hiki: shingo ni ya mwenyewe, ukuta ni wa wote. Kijana mwenye rozari shingoni anasema habari zake. Kijana anayekwenda msikitini Ijumaa na kofia yake anasema habari zake. Paa la ukumbi likisema, linasema kwa niaba yetu sote, na wengine kati yetu hawakutoa kauli hiyo.

Na jiwe la msingi? Libaki. Jiwe lile halimwambii mtu aamini nini. Linasema nani alijenga, na mwaka gani. Wamisionari walijenga shule hii kweli, na baadhi yao wamelala pale nyuma ya miembe. Kuwafuta kungekuwa utovu wa shukrani. Alama ya zamani ni kumbukumbu. Alama mpya ni tangazo. Asiyeona tofauti hiyo ataishia kubomoa au kusimika, na yote mawili yatatugawa.

Kwa hiyo, Ndugu Mwenyekiti, napendekeza mambo matatu. Kwanza, ukumbi uezekwe, na paa libaki bila alama ya dini yoyote. Pili, jiwe la msingi lisafishwe, na kando yake liwekwe bamba linaloeleza kwamba mwaka 1970 shule hii ilikuwa ya Watanzania wote. Tatu, fedha zilizotengwa kwa msalaba zitumike kukarabati vyumba viwili vya ibada, kimoja cha Wakristo na kimoja cha Waislamu, vya ukubwa uleule na rangi ileile. Na kama wafadhili wetu wataziondoa fedha zao kwa sababu hiyo, basi tutachanga upya. Mimi nitaanza na mabati ishirini.

Vijana, ninyi hampigi kura leo, lakini ndio mtakaokaa chini ya paa hilo. Tunataka kila mmoja wenu akae akijua yuko kwao.